Kipando cha Haja na Kipando cha Raha

Na upigwe mfano wa mtu wa Pito, katika Sumbawanga, mwenye gari la otomatiki lisilokula mafuta mengi na lenye kuwatosha watu wa nyumbani mwake. Nafsi yake yataka aliuze, aongeze fedha, anunue gari la gia za mkono. Si kwa faida, bali kwa kuwa kuliendesha kwampendeza. Je, hiyo ni israfu?

Ama kupendezwa na kipando si dhambi. Sura ya An-Nahl, aya ya 8, yataja farasi, nyumbu na punda kuwa ni vya kupandwa na kuwa ni pambo. Basi pambo limetajwa pamoja na haja, wala halikukatazwa.

Lakini nafsi ni hodari kwa kutafuta hoja. Itamwambia kwamba njia ya kuteremkia bonde la Ziwa Rukwa ni kali, na gia ndogo huzuia gari, breki zisipate moto. Neno hili ni kweli. Ila magari mengi ya otomatiki nayo yana gia ya mteremko. Basi akiishika hoja hiyo, na shabaha yake ni raha, amejidanganya kabla ya kumdanganya mkewe.

Na mkewe ana haki. Ikiwa aliweza kuliendesha gari la kwanza, na la pili hajui wala hakufundishwa, basi raha ya mume imemfunga mke nyumbani. Hapo pambo limekula haja.

Ama haki zikitimia, na deni hapana, na alinunue, aseme wazi kuwa amelipenda. Kusema hivyo hakumpunguzii heshima. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.