Tumaini la Kikristo Kasongo na Kabambare
Tumaini, ambalo wanateolojia hulihesabu pamoja na imani na upendo kuwa fadhila ya kimungu, yaani nguvu ya roho ambayo mtu hupewa na Mungu wala hajipatii mwenyewe, si matarajio kwamba mambo yatakuwa mepesi. Tofauti hiyo ina uzito wa pekee kusini mwa Maniema, mkoa wa mashariki mwa Kongo, ambako misafara ya watumwa na pembe za ndovu ilipita Kasongo na Kabambare katika karne ya 19, na ambako Wakristo huishi bega kwa bega na Waislamu wengi. Jimbo Katoliki la Kasongo, lililoundwa mwaka 1959, liliongozwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na Mjesuiti Christophe Munzihirwa, ambaye baadaye, akiwa askofu mkuu wa Bukavu, aliuawa huko tarehe 29 Oktoba 1996, kwa kuwa hakukubali kuukimbia mji wala kunyamaza juu ya wakimbizi na raia waliokuwa hatarini. Ushujaa alikuwa nao, lakini ushujaa peke yake hauelezi uamuzi wa mtu aliyeiweka shabaha ya maisha yake nje ya usalama wake. Paulo, akiwaandikia Warumi, anaifungamanisha furaha na dhiki, ingawa kuyasifu mateso mbele ya mama aliyekimbizwa na vita kijijini kwake Kabambare kungekuwa ukatili. Anachodai Paulo ni kwamba dhiki haina mamlaka ya kuamua thamani ya mama huyo, anayerudi kulima muhogo na kuimba kanisani Jumapili.