Abiria wa Mwisho

Msomaji, ukitoka Msambweni asubuhi kwenda Mombasa utapanda matatu ipitayo Ukunda ikakufikisha Likoni, na hapo utaingia katika feri pamoja na wachuuzi, wanafunzi, wagonjwa na wenye magari. Mwenye gari hulipa. Mwenda kwa miguu hatozwi hata senti. Tajiri na maskini husimama juu ya chuma kimoja, na maji yaliyo chini yao ni yale yale.

Jina la matatu yasemekana latokana na mapeni matatu, yaani senti 30, nauli ya miaka ya 1960. Magari hayo yalichukua watu kinyume cha sheria mpaka mwaka 1973, Rais Jomo Kenyatta alipoyaruhusu. Yalizaliwa na haja, na mtoto wa haja hajui kumkataa mgeni. Ndiyo maana mpaka leo makanga hulia mlangoni, "Bado mmoja!"

Nataka kukuuliza habari za huyo mmoja. Gari lina viti 14, naye ni wa 15. Ana kosa gani? Mwili wake ni kilo 60 tu. Akiachwa, msimamizi wake katika hoteli ya Diani hatasikiliza udhuru, na ujira utapunguzwa. Kila abiria ana udhuru kama huo, na kila udhuru ni wa kweli. Hapo ndipo penye ugumu.

Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, iliyoruhusiwa kuchukua watu 300, ilipakia wapatao 400. Ilizama yapata mita 40 tu kutoka gatini, wakafa watu 272. Lawama ya kwanza humwangukia aliyekabidhiwa mlango, wala haifai kuwatwika wafu. Walakini katika umati ule nani alikusudia ubaya? Kila mmoja alikuwa mmoja tu.

Wako wasemao kwamba mkosaji ni yule wa mwisho. Neno hilo silikubali. Wa mwisho ni mtu aliyechelewa kwa hatua mbili. Aliyemtangulia ameketi vizuri, aona hatari, naye anyamaza kwa kuwa kiti amekwisha kukipata. Huyo ni mshirika. Sheria zilizoanza mwaka 2004 zilimpa kila abiria kiti na mkanda wake, lakini askari hawezi kupanda kila gari.

Siku moja mimi mwenyewe nilijibana katika mlango wa matatu pale Ukunda, nimekumbatia madaftari ya wanafunzi. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi akaniambia, "Mwalimu, gari limejaa. Tushuke sote wawili, tungoje jingine."

Yeye alishuka. Mimi nikaketi mahali pake. Gari likawa na watu wake kamili, nasi tukafika salama. Sikumwuliza alikuwa akienda wapi.