Mzinga wa Gome

Fundi wa mizinga katika misitu ya Mlele, mkoani Katavi, huchagua mti wa miombo ulionyooka. Hukata gome kulizunguka shina zima, juu na chini, kisha hulichana kwa urefu na kulibandua taratibu, kama anayemvua mtu kanzu. Kingo mbili huzibana kwa vijiti alivyochonga, ncha huziziba, na mzinga umekamilika. Utatundikwa kwenye mti mwingine, nyuki wataingia, na msimu ukifika asali itarinwa. Mti uliovuliwa gome hauanguki siku hiyo. Hubaki na majani yake kwa muda, na mpita njia hadhani kama una tatizo. Kisha hukauka ukiwa umesimama.

Huwa naukumbuka mti huo kila ninaposikia wahadhiri wa vyuo vyetu vya umma wakisifiwa kwa uvumilivu. Kiswahili kinaupenda uvumilivu. Tumelelewa tukiambiwa mvumilivu hula mbivu. Lakini upo uvumilivu wa aina nyingine, unaolificha jeraha mpaka aliyelitia anaamini hakuna aliyeumia.

Tukumbuke tulikotoka. Katika miaka ya 1980 serikali ya Tanzania ilibana matumizi chini ya masharti ya wakopeshaji, na mwaka 1988 Benki ya Dunia ikatoa taarifa yake juu ya elimu ya Afrika iliyoshikilia kwamba shilingi ya umma huzaa zaidi ikiwekwa kwenye shule ya msingi kuliko chuo kikuu. Mishahara ikaliwa na mfumuko wa bei. Wapo wahadhiri walioondoka nchini. Kati ya waliobaki, wengi waligeukia kazi za ushauri wa kitaalamu na vipindi vya kulipwa kwa saa kwingineko. Kule Makerere, Uganda, miaka ya 1990 ilileta wanafunzi wa kujilipia na masomo ya jioni. Mahmood Mamdani aliandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2007, juu ya madhara ya soko hilo kwa usomi wenyewe. Siwalaumu wahadhiri. Mwenye watoto hawalishi heshima. Ila mihadhara iliendelea kutolewa, mahafali yakafanyika, majoho yakavaliwa. Asali ilitoka. Nani angeutazama mti?

Neno linalotumika bajeti ikikatwa, kupunguza, linatupotosha. Gunia la mahindi ukilipunguza debe moja, kilichobaki bado ni mahindi. Daraja ukilipunguza nguzo moja, hupati daraja dogo. Unapata watu waliokwama ng'ambo. Chuo kikuu ni gunia au ni daraja? Nadhani kina vyote viwili ndani yake, na hapo ndipo penye ugumu. Magari ya wakubwa, posho, semina za hotelini: hayo ni gunia, yapunguzwe bila majonzi. Muda wa mhadhiri kukaa na swali moja miaka minne ni nguzo. Kwenye karatasi ya mhasibu vyote ni mistari tu, na nguzo ni rahisi kuikata kwa sababu haipigi kelele.

Huku Katavi jambo hili lina sura. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, chenye makao yake Morogoro, kina kampasi Mpimbwe iliyopewa jina la Mizengo Pinda, mzaliwa wa huku aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 2008 hadi 2015. Miongoni mwa masomo yake ni shahada ya usimamizi wa rasilimali za nyuki. Mwaka 2021 Benki ile ile ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 425 kwa elimu ya juu ya Tanzania, mradi wa HEET, na kampasi hii ni mojawapo ya zinazofaidika nao. Kubadili mawazo si aibu. Lakini mkopo hujenga mara moja, ilhali mwalimu hulipwa kila mwezi na mafuta ya gari la kwenda porini huhitajika kila msimu. Mrina asali ana swali: nitapataje mzinga nisioulia mti unaowalisha nyuki wangu, na wa mbao siumudu? Jengo halimjibu. Atamjibu mtu atakayerudi kijijini mwaka wa pili na wa tatu, kama hakulazimika kwenda kutafuta riziki kwenye warsha ya mfadhili.

Mzazi wa Majimoto, huku huku Katavi, anaweza kusema: kabla ya chuo, nipeni madawati na zahanati. Ana haki ya kusema hivyo, nami sina jibu la haraka. Ninachoona ni kwamba hajaulizwa swali zima. Ameonyeshwa gharama ya chuo, hajaonyeshwa hasara ya kukikosa. Bajeti inakatwa Dodoma, uvumilivu unafanyika Morogoro, na yeye analipa ushuru wa mazao yake bila kujua alichonyimwa.

Tarehe 19 Aprili 1990, katikati ya ukata ule, wanataaluma wa Tanzania walipitisha Azimio la Dar es Salaam la uhuru wa taaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii. Uhuru na wajibu viliwekwa kwenye sentensi moja. Jina hilo peke yake ni kukiri deni, na anayedai ni huyu mzazi wa Majimoto.

Kwa hiyo nawaomba wahadhiri, wa Mpimbwe, wa Morogoro na wa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: bajeti ikikatwa, daini mishahara yenu, ni haki yenu. Pamoja na madai hayo, andikeni orodha ya kilichokufa mwaka huo: utafiti uliosimama, safari ya kijijini isiyofanyika, somo lililofundishwa bila maabara. Iandikeni kwa Kiswahili cha kawaida, mkaibandike kwenye ofisi za vijiji vya Kibaoni, Majimoto na Inyonga, ili anayewadai ajue anadai nini.