Jirani Asiyeonekana

Barafu ya Greenland ikiyeyuka, sisi wa Kyela inatuhusu nini?

Wapendwa, tuanze na ukweli, maana imani haisimami juu ya uongo, hata ule wa nia njema. Barafu iliyolala juu ya nchi kavu, kama ile ya Greenland na Antaktika, ikiyeyuka huongeza maji baharini. Maji ya bahari nayo hutanuka yakipata joto. Hivyo kati ya 1901 na 2018 bahari ilipanda takriban sentimita 20. Barafu yote ya Greenland ikiisha, itapanda kama mita 7.

Lakini Ziwa Nyasa liko zaidi ya mita 470 juu ya bahari. Bahari haitatufikia Itungi wala Matema. Maji yanayofunika mashamba yetu ni ya mvua na ya mito yetu, Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe. Tusihubiri kwamba yameletwa na barafu.

Je, basi tumemaliza? Kule Pemba wako wakulima wa mpunga kama sisi, ambao mashamba yao yameingiwa na maji ya chumvi. Mafuriko yetu yakipungua, twaweza kupanda tena. Chumvi ikishaingia udongoni, mpunga haustawi. Nani angewaelewa wakulima hao kuliko sisi?

Wengine husema moshi uliopasha dunia joto haukutoka kwetu. Kwa sehemu kubwa ni kweli, ingawa hata hapa jirani, Kiwira, makaa ya mawe yamechimbwa. Nchi za viwanda zimechoma mengi mno kuliko sisi, na haki yadai zibebe mzigo mkubwa zaidi. Kanisa lisione haya kulisema hilo.

Hata hivyo, Msamaria wa mfano wa Yesu hakuwa miongoni mwa wanyang'anyi. Hakumpiga yule msafiri, wala hakungoja waliompiga wapatikane ndipo amfunge majeraha. Haki huuliza nani amekosa. Upendo huuliza nani ameumia. Mkristo hana ruhusa ya kuchagua swali moja na kuliacha lingine.

Kwa hiyo tuwakumbuke wakulima wa Pemba katika maombi na katika sadaka. Tuitunze pia miti ya kingo za mito yetu, kwa kuwa maji yake hayaishii ziwani: hutoka kwa mto Shire, huingia Zambezi, na kufika baharini Msumbiji. Huko nako tuna majirani.