Mwache Panya Apone Kwanza

Mwanangu, najua una haraka. Umepewa hadubini ya leza, umepewa panya, na msimamizi wako anadai picha kabla ya mwisho wa mwezi. Hata hivyo, keti kidogo unisikilize.

Desemba 2002 makundi mawili ya watafiti wa Marekani yalichapisha kazi zao katika toleo moja la jarida la Nature. Yote yalikuwa yakirudia kutazama ubongo wa panya walio hai, mahali palepale. Walifuatilia vichipukizi vidogo ambapo seli moja ya neva hupokea ujumbe wa nyingine. Kundi la New York lilikuta karibu vyote vingalipo baada ya mwezi. Kundi la Cold Spring Harbor lilikuta vingi vimetoweka na vingine vipya vimeota. Wote walikuwa watu makini. Wote walikuwa na picha mkononi.

Nakumbuka tulivyobishana. Sehemu za ubongo zilitofautiana, na umri wa panya pia. Lakini wa New York walikwangua fuvu tu, likawa jembamba hadi mwanga ukapenya. Wenzao waliondoa kipande cha mfupa, wakaweka kioo. Mwaka 2007 kundi la New York likalinganisha njia hizo mbili. Likaona kwamba chini ya kioo seli za kinga za ubongo zilikuwa zimeamshwa, na vichipukizi vilibadilika zaidi. Watumiaji wa kioo wakajibu kuwa dirisha hilo la kioo likitengenezwa vizuri, na panya akipewa muda wa kupona, picha zake ni za kuaminika.

Umeona, mwanangu? Pande zote mbili zilihofia kitu kimoja: jeraha. Seli hizo za kinga hurefusha mikono yao kuelekea palipoumia ndani ya dakika chache tu. Ukipiga picha mapema baada ya upasuaji, utapata habari za kidonda, nawe utadhani ni habari za ubongo.

Kwa hiyo subiri. Wiki mbili, hata zaidi. Mpe panya dawa ya maumivu. Akiwa kwenye nusukaputi mpashe joto, maana mwili wake hupoa upesi. Chora ramani ya mishipa ya damu iliyo juu ya ubongo, ndiyo itakayokurudisha mahali palepale wiki ijayo. Na picha ikififia, usikimbilie kuongeza nguvu ya leza. Mwanga mkali huunguza seli. Nimeona kazi ya miezi ikitupwa kwa sababu ya haraka ya asubuhi moja, na mwenye kazi akilia.

Msimamizi akikuuliza picha ziko wapi, mwambie kwa heshima kwamba panya bado anapona. Kisha andika tarehe ya upasuaji daftarini, uihesabu kuwa siku ya kwanza ya utafiti wako.