Supu ya Pweza na Deni la Mlaji

Wako watu wasemao ya kwamba kula ni haja ya mwili tu, na kwamba mwenye akili haoni fahari kuukumbuka mlo kama akumbukavyo wema aliotendewa. Neno hili hulisema kwa urahisi mtu aliyeshiba. Aliyesimama jioni moja penye meza ya muuza pweza, Unguja au Dar es Salaam, huichukua ladha ile moyoni miaka mingi, na vitabu kadha wa kadha humtoka kabla yake. Je, kumbukumbu hiyo ina uzito wo wote katika mizani ya maadili, au ni ulafi uliovikwa kanzu safi?

Meza yenyewe ni kitu kidogo. Pweza mzima aliyechemshwa hulazwa juu ya sinia. Muuzaji hukata mkono mmoja vipande vipande; mlaji huchoma kipande kwa kijiti, hukichovya katika pilipili na ndimu, kisha hupewa supu ya moto katika kikombe. Kiti cha mkubwa hakipo. Karani, mchukuzi, mwanafunzi na tajiri husimama bega kwa bega, na kijiti cha mmoja hakizidi cha mwenziwe kwa urefu. Hutaniana juu ya nguvu ambazo supu hiyo yasemekana huwapa wanaume, dai ambalo muuzaji hana haja ya kulithibitisha, maana wateja humtangazia bure. Katika bustani ya Forodhani, mbele ya Beit al-Ajaib iliyojengwa mwaka 1883 na kuporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, mambo ni hayo hayo kwa samaki wa kuchoma, ingawa pale taa ni nyingi na bei humtazama mgeni usoni kwanza.

Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alizipa adabu za kula kitabu kizima, cha 11 katika vitabu 40 vya Ihya. Tena katika kitabu cha 23 akaonya juu ya matamanio ya tumbo. Watu wengi hulishika onyo wakaziacha adabu. Lakini mwandishi ni mmoja. Alijua kwamba penye chakula tabia ya mtu hujulikana: nani hutangulia, nani humngoja aliye mkubwa wake, nani humwachia mwenziwe kipande kizuri. Kwa kipimo hicho, furaha ya watu wanaokula pamoja kwa adabu haina haja ya kuombewa radhi, na wenye kuidharau ladha hawana hoja.

Iko hoja nyingine, nayo ni nzito zaidi. Usawa wa pale mezani ni usawa wa waliopo. Yakipwa maji ya bamvu, mwezi uandamapo au uwapo mpevu, wanawake wa pwani hushuka mwambani na fimbo ya chuma, huinama juu ya tundu moja baada ya jingine, jua kichwani na matumbawe makali miguuni, mpaka maji yajae tena. Bei hukatwa na mchuuzi angojaye ufukoni. Mara nyingi aliyemkamata pweza hamli. Hurudi nyumbani na fedha ya unga.

Naye pweza ana habari yake. Jike hutaga mayai maelfu kwa maelfu ndani ya shimo, huyalinda na kuyapepea maji kiasi cha mwezi mzima bila ya kula, na yakisha kuanguliwa hufa. Akichokolewa kabla ya siku hiyo, kilicho juu ya sinia si pweza mmoja. Mambo hayo hayaonekani katika kikombe.

Jibu la haraka ni kwamba mwenye huruma aache kula. Lakini akiacha, atamnyima mwanamke wa mwambani unga ule ule. Jibu lililo bora limetoka kwa wavuvi. Mwaka 2004 watu wa Andavadoaka, katika kisiwa cha Bukini, walifunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi kadha, na walipoufungua waliwakuta pweza wakubwa zaidi. Desturi hii imefika Kisiwa Panza, kusini ya Pemba, ambako mwamba hufungwa na kufunguliwa kwa mapatano ya kijiji. Si kazi nyepesi. Mama mwenye watoto huambiwa asiende pale anapokijua chakula kilipo, na jirani mmoja, kwa usiku mmoja wa wizi, aweza kuila subira yake yote. Hivyo gharama ya kujizuia humwangukia aliye na kidogo, hali mlaji wa mjini halipi hata senti moja, na haelekei kujua kwamba kuna linalolipwa.

Lakini naye ana lake la kufanya. Aweza kumkataa pweza mdogo, aweza kuvumilia bei ipandapo mwamba ukiwa umefungwa, na aweza kuuliza. Aulizaye pweza ametoka mwamba gani huchekwa pale mezani, tena huenda akajibiwa uongo. Hata hivyo, muuzaji aliyeulizwa mara kumi huanza naye kumwuliza mchuuzi wake, kabla ya kuifungua mkoba.