Shamba Halikatwi: Je, na Haki Haitolewi?

Ndugu zetu Waislamu, yako maneno yanayosikika sana katika miji yetu ya pwani kila afapo mtu akaacha shamba: kwamba Serikali hairuhusu kulikata, basi na libaki kama lilivyo. Nusu ya maneno haya ni kweli, na nusu hiyo ya kweli ndiyo inayotumiwa kufunika dhuluma. Kwa hivyo yatupasa kuyapima.

Sheria inayokusudiwa ni ile ya kudhibiti ardhi ya kilimo, iliyotungwa Kenya mwaka 1967. Yasema kuwa shamba haliuzwi, halikodishwi wala haligawanywi ila kwa idhini ya bodi ya ardhi ya mahali hapo. Na mapatano yasiyopata idhini huwa batili. Ama urithi, sheria imeusamehe idhini hiyo, isipokuwa pale utakapolipasua shamba vipande viwili au zaidi, kila kimoja na hati yake.

Je, yafaa mtu kuzuiwa katika mali yake? Sisi twaona yafaa, kwa mipaka. Shamba la eka 6 likikatwa kwa warithi 6, kisha kila kipande kikakatwa tena, baada ya vizazi viwili hubaki viwanja visivyolimika, na minazi isiyotosha kumlipa mkwezi. Sayyidna Umar (r.a.) alikataa kuwagawia wapiganaji ardhi ya Sawad huko Iraq, aliiacha mikononi mwa wakulima wake akaitoza kharaji, ili iwafae na watakaokuja nyuma. Lakini hakuamua hayo peke yake. Aliwashauri Masahaba, akawasikiliza waliompinga, akawatolea hoja zake.

Hapo ndipo ulipo mpaka. Anayemzuia mwenye shamba kwa maslaha ya wote ni wajibu wake amsikilize, ampe sababu, na hukumu ya tajiri iwe ndiyo hukumu ya masikini. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 40, imelinda mali ya mtu; na katika kifungu cha 47 imempa haki ya kupewa sababu kwa maandishi anapodhuriwa na uamuzi wa watumishi wa Serikali. Basi anayekataliwa na bodi asirudi nyumbani akanyamaza. Na aulize sababu, na akate rufani.

Lakini bodi siyo iliyowanyima dada zetu. Sheria imezuia kukata udongo. Haikuzuia kutoa haki. Fungu la mwanamke limewekwa na Mwenyezi Mungu mwenyewe katika Suratun Nisaa, wala uchache wa mali hauliondoi. Fikihi yetu yaijua milki ya mushaa tangu zamani: shamba huwa moja, na kila mrithi ana sehemu yake ndani yake. Basi kadhi na abainishe mafungu, majina ya warithi wote yaandikwe katika hati moja pamoja na kadiri ya sehemu zao, na mavuno yagawanywe kwa kadiri hiyo. Na kama mmoja ataka kuwanunua wenziwe, na wathamini watu waadilifu, kisha idhini iombwe kama sheria itakavyo.

Huenda ndugu akasema: "Mimi ndimi nilimaye, na dada yangu yuko mjini amekaa." Twamjibu: toa kwanza gharama za palizi na ukwezi, jipatie na ujira wa kazi yako kwa mapatano, kinachobaki ni cha wote. Jasho lako lakupa ujira, halikupi fungu la mwenzio.

Mwenye kusema mbele ya watu kuwa shamba halikatiki, kisha akauza nazi peke yake mwaka baada ya mwaka, huyo hakulinda shamba. Amekula mali ya nduguze, na sheria ya 1967 haitamjibia Siku ya Kiyama.

Wabillahi tawfiq.